Kabambare, Kwenye Mchezo Usio na Kiingilio

Tikiti ya tamthilia hufanya kazi nyingi ambazo mnunuzi hana habari nazo. Humwambia saa ya kufika, mlango wa kuingilia na kiti cha kukalia, na mvua ikiharibu mambo, humwonyesha wa kumdai pesa zake. Tikiti ikiondolewa, kazi hizo zote zinabaki, na zinamwangukia mtazamaji mwenyewe. Ndiyo maana nashikilia kwamba mchezo wa bure unaochezwa uwanjani unadai mipango mingi kuliko mchezo wa kulipia. Anayetoka mbali kwenda kuutazama Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki ya Congo, akidhani bure ni kujiendea tu, atarudi ameona migongo ya watu. Safari hiyo nitaipanga hapa toka mwanzo, na kila nilipochagua jambo nitaeleza kwa nini nimelichagua.

Anayebisha aitazame New York. Katika bustani ya Central Park kuna ukumbi wa wazi uitwao Delacorte, uliofunguliwa mwaka 1962, wenye viti 1,800 hivi, na kila majira ya joto tamthilia za Shakespeare huchezwa humo bila malipo. Tikiti zipo, ila haziuzwi, na watu hupanga foleni bustanini tangu alfajiri, na mablanketi na vyakula vyao, wakisubiri zigawiwe mchana kwa ajili ya mchezo wa usiku. Agosti 2025, ukumbi ulipofunguliwa tena baada ya ukarabati, mwongozaji Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya, aliweka jukwaani Twelfth Night. Lupita Nyong'o alikuwa Viola, mdogo wake Junior akawa Sebastian, pacha wa Viola, na sehemu ya maneno ya mapacha hao ilisemwa kwa Kiswahili. Mswahili wa kule aliyetaka kuyasikia hakutoa hata senti, lakini huenda alitoa siku nzima ya kazi. Bei ilikuwapo, ilibadilishwa sarafu tu. Kabambare nako bei ipo, na kazi ya kwanza ya mpangaji ni kuitambua, maana huko hakuna foleni ya kumwonyesha ilipo.

Mchezo gani, basi? Asitafute mtu ratiba iliyobandikwa ukutani. Katika miji midogo ya mashariki ya Congo watu huigiza shuleni mwaka wa masomo unapofungwa, huigiza parokiani wakati wa Noheli na Pasaka, na vikundi vya vijana huigiza tarehe 8 Machi, siku ya wanawake. Lakini ninaoufuata mimi ni ule uitwao teatri shirikishi, kwa sababu ndio unaomdai mtazamaji kuliko mingine. Mizizi yake iko Brazili, kwa Augusto Boal, aliyeanza miaka ya 1970 kumtoa mtazamaji kitini na kumtia mchezoni. Mashariki ya Congo namna hiyo ilienezwa na shirika la Search for Common Ground tangu katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2006 Lena Slachmuijlder wa shirika hilo aliiandikia kitabu cha mafunzo. Waigizaji hufika mahali kabla ya siku ya mchezo. Huzunguka sokoni, kisimani na kwenye vibanda vya chai, wakisikiliza watu wanagombania nini: shamba ambalo mwenyewe alikimbia vita akarudi akalikuta limelimwa na mwingine, mahari iliyolipwa nusu, kodi ya kizuizi cha barabarani. Kutokana na hayo huunda mchezo usioandikwa popote, wakauchezea watu walewale waliosimulia. Ugomvi unapofika kileleni mchezo husimamishwa, na yeyote uwanjani anayeona kwamba mhusika angeweza kufanya vingine huingia kuchukua nafasi yake na kuonyesha.

Kuunda mchezo bila kitabu si jambo geni kwa Waswahili wa Congo. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililojulikana kwa miaka mingi redioni na kwenye televisheni kwa maigizo yake ya Kiswahili cha Katanga, lilifanya kazi hivyohivyo. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliandamana nalo tangu mazungumzo ya kwanza ya kutafuta kisa hadi siku mchezo ulipochezwa mbele ya kamera kijijini Kawama, nje ya mji, na kitabu alichokitoa mwaka 1990 kinaonyesha hatua kwa hatua jinsi waigizaji walivyoanza na msemo mmoja tu juu ya utawala, wakabishana kuhusu maana yake, wakagawana nafasi, kisha kila jaribio likazaa maneno mapya. Jambo moja la kitabu hicho linamhusu msafiri moja kwa moja: mchezo wa aina hii haupo mpaka zibaki siku chache. Huwezi kuufuata kwa jina lake, kwa kuwa jina lenyewe bado. Unafuata mahali na majira, na lazima uwepo unapozaliwa.

Kwa hiyo uamuzi wangu wa kwanza ni kufika siku mbili au tatu kabla. Ushahidi wenye nguvu zaidi wa jambo hili unatoka Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977 wanakijiji pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi, wakaigiza Ngaahika Ndeenda. Mazoezi yalifanywa hadharani mwishoni mwa juma, ili yasigongane na vibarua vya watu. Kila mpita njia alisimama, akatazama, akasahihisha namna mzee anavyoongea au fundi anavyoshika chombo chake. Oktoba 2 mchezo ulipofunguliwa rasmi, wengi wa waliokuja walikuwa wameshaujua, na walikuja kwa sababu waliujua. Serikali nayo iliuelewa vizuri: kibali kiliondolewa Novemba 16, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mgeni ambaye angeshuka Limuru siku ya ufunguzi saa ya ufunguzi angeona mchezo. Aliyekuwapo wiki za mazoezi aliona pia watu waliouandika.

Sasa njia. Kasongo na Kabambare zimetengana kwa zaidi ya kilomita 100 za barabara ya udongo, na Kindu, makao makuu ya mkoa, iko zaidi ya kilomita 200 kaskazini ya Kasongo. Zamani ya karibuni mtu angeweza kufikiria kuingia kutoka mashariki, Bukavu na Uvira, akapitia Fizi. Tangu waasi wa M23 wateke Goma Januari 2025 na Bukavu Februari ya mwaka huohuo, siipangi njia hiyo. Inabaki ndege ya Kinshasa hadi Kindu, kisha barabara. Au reli itokayo Katanga, kwa mwenye subira, maana ratiba ya treni za huko si ya kuifungia miadi. Anayeshuka kituo cha Samba yuko ng'ambo ya magharibi, na lazima avuke Lualaba kwa kivuko ndipo aifikie Kasongo. Kuanzia Kasongo ni pikipiki ya abiria, na kando ya njia baiskeli zinazosukumwa, si kupandwa, zikiwa na madumu ya mawese na magunia ya mchele yaliyofungwa mpaka usukani hauonekani. Mvua ikinyesha, pikipiki hukwama kwenye tope baiskeli zikipita taratibu pembeni. Anayepanga kufika Kabambare mchana wa siku ya mchezo ameukosa mchezo tayari, hajajua tu.

Kungoja huko ni ada ya zamani. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe, enzi za Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, na wenzake. Bambarre anayoitaja Livingstone katika shajara zake, ambayo wengi huichukulia kuwa ndiyo Kabambare, ilimshikilia kwa miezi mingi mwaka 1870 na mwanzoni mwa 1871, miguu imejaa vidonda. Kasongo yenyewe, iliyokuwa mji mkubwa wa Waungwana, ilianguka mikononi mwa majeshi ya Dola Huru ya Congo, chini ya Dhanis, Aprili 1893. Historia hiyo naitaja kwa sababu imeacha kitu kinachomfaa mtazamaji: Kiswahili, ambacho huko huitwa Kingwana, ndicho kinachowakutanisha Wabangubangu, Wabuyu, Wahombo na jirani zao, na Uislamu umeshika mizizi kusini mwa Maniema kuliko karibu popote pengine nchini Congo. La kwanza linamruhusu Mswahili wa Tanga au Mombasa kuufuata mchezo, ingawa ajiandae kupitwa na vichekesho vitakavyosemwa kwa Kibangubangu. La pili linamwekea saa yake.

Saa ndiyo sehemu ya mpango ninayoipenda kuliko zote. Palipo na umeme, mwongozaji huchagua saa. Pasipo na umeme, saa huchaguliwa na jua na adhana. Kabambare iko kusini kidogo ya ikweta, na mwezi wa Julai jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, giza likafuata mara moja. Alasiri huingia kwenye saa tisa na nusu. Kabla ya hapo jua ni kali, na watu wako mashambani au wamejilaza. Baada ya magharibi hakuna anayeona uso wa mwigizaji isipokuwa pana jenereta, na jenereta inayonguruma humeza nusu ya maneno. Kati ya sala hizo mbili kuna muda wa saa mbili na nusu hivi, na ndani yake mchezo lazima uanze, ufike kileleni, usimamishwe, watu waingie wabishane, na uishe. Mtu akikuambia utaanza saa nane, jua kwamba saa nane ni ya kupiga ngoma kuwaita watoto. Akisema saa kumi, amini. Na mwezi wa Ramadhani usiupangie kabisa: muda huohuo ndio wa kupika futari.

Majira nayo yana hesabu yake. Mvua za kusini mwa Maniema huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Kiangazi ni Juni hadi Agosti. Juni ina mitihani ya shule na sherehe za uhuru za tarehe 30, wakati maafisa wote wako kwenye gwaride. Julai shule zinafungwa, viwanja vyake vinabaki wazi, na barabara imekauka. Wapo watakaosema kwamba shule zikifungwa watoto hutawanyika na hadhira inapungua. Ni kweli wengine hupelekwa kwa bibi zao vijijini, lakini waliobaki hawana kazi ya saa kumi, na mahali popote penye mchezo wa bure watoto ndio wanaojaza safu ya mbele na kuwavuta mama zao nyuma yao. Katika juma, siku ya soko inajaza mji, lakini waliokuja kutoka mbali huanza kurudi mapema. Waigizaji huitumia kukusanya visa, na mchezo hufaa siku inayofuata au Jumamosi. Jumapili alasiri uwanja una mwenyewe: mpira wa miguu, na sijui mchezo wa kuigiza uliowahi kuushinda. Kwa hiyo napanga Jumamosi ya Julai, na kama naweza kuchagua, Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

Baada ya saa ni uwanja wenyewe. Hakuna mlinzi wa mlango, kwa hiyo mgeni hudhani hakuna wa kumwomba ruhusa. Wapo wengi. Mkutano wa watu mia kadhaa, katika teritware (eneo la utawala chini ya mkoa) ambayo kwa miaka sasa imeona makundi yenye silaha hasa upande wa Salamabila na mgodi wa dhahabu wa Namoya, haufanyiki bila msimamizi wa teritware kujua, polisi kujua na chifu wa mahali kukubali. Kikundi cha waigizaji hujiombea chenyewe, na barua yao haimfuniki mgeni. Mgeni huenda na hati zake ofisi ya teritware siku ya kwanza, asubuhi, akajieleza kwa maneno mafupi, kisha akaenda kumwamkia chifu, na kumwambia pia kiongozi wa kikundi kwamba yupo. Wanaolalamika kwamba huo ni usumbufu kwa jambo dogo kama kutazama maigizo hawajafikiria upande wa pili. Katika mchezo ambao umati unaalikwa kuzungumza juu ya nani alichukua shamba la nani, uso mmoja usiojulikana unatosha kunyamazisha wote. Mgeni ambaye hakutambulishwa hugeuka yeye mwenyewe kuwa mchezo.

Hapo ndipo suala la simu linapoingia. Kijana wa mjini atasema: kwa nini safari yote hiyo, wakati mtu atarekodi na video itafika kwenye WhatsApp usiku huohuo? Nina majibu mawili. La kwanza, video inashika waigizaji, na mchezo wa aina hii unachezwa pande mbili. Anayeingia uwanjani kumwonyesha mhusika namna bora ya kuzungumza na jirani aliyeteka mpaka wa shamba anatazamwa na jirani wa kweli, aliyesimama mita chache kutoka pale. Kamera inayomfuata msemaji haimwoni anayesemwa. La pili ni zito zaidi. Maneno yaliyosemwa mbele ya watu wanaofahamiana, chini ya kivuli cha uigizaji, yana kinga: anayeulizwa kesho anaweza kujibu kwamba alikuwa anaigiza. Yakishasafiri kwenye simu hadi kwa mtu mwenye bunduki ambaye hakuwapo, kinga hiyo imekwisha. Kwa hiyo katika mpango wangu simu inakaa mfukoni, hata kama wengine hamsini wameinua zao.

Kuhusu mahali pa kukaa, kuna elimu ndogo ambayo kila mtoto wa hapo anayo na mgeni hana. Umati huunda duara. Watoto hukaa chini mbele, miguu wameikunja. Nyuma yao kina mama, wengi wamesimama na watoto mgongoni. Wazee na maafisa huwekewa viti vya plastiki upande mmoja. Vijana husimama nyuma na baiskeli zao, na baadhi hupanda juu ya vibebeo kuona vizuri. Upande wa viti vya wazee ndio mbele ya jukwaa, japo duara halina mbele, kwa sababu waigizaji huwageukia wakubwa bila kujijua. Mwembe ukiwapo upande wa magharibi, kivuli chake huusogelea uwanja kadiri jua linavyoshuka, na wanaofika mapema huketi mahali ambapo kivuli hakijafika bado. Anayefika saa kumi na nusu hupata upande wa mashariki, jua usoni mpaka mwisho. Bila kipaza sauti, maneno hufika safu tano au sita vizuri. Baada ya hapo mtu hufuata kwa kicheko cha waliotangulia. Kwa hiyo nafika saa tisa, na kiti cha plastiki nitakachopewa nakikubali mara ya kwanza. Kukataa kiti ili uonekane mnyenyekevu kunamfanya mwenyeji atumie nusu saa kukubembeleza ukikalie, watu wote wakitazama.

Pesa ni suala gumu zaidi. Pwani, mwimbaji wa taarabu akimkuna msikilizaji, msikilizaji huinuka akamtunza noti hadharani, na hakuna anayeona ajabu. Katika teatri shirikishi noti hiyo ni sumu. Ukimtunza anayeigiza mwenye shamba, umeamua kesi. Ukimtunza anayeigiza askari wa kizuizi cha barabarani, umechekesha watu na kuwaudhi askari wa kweli. Lakini kutotoa kitu kabisa pia si haki, maana mchezo wa bure una mlipaji. Mara nyingi ni shirika linalotoa posho za waigizaji na mafuta ya pikipiki, na pasipo shirika walipaji ni waigizaji wenyewe, ambao wameacha kazi zao kwa siku kadhaa. Natoa baada ya mchezo, kwa kiongozi wa kikundi, mtu wa pili akishuhudia, na natoa kiasi cha tikiti ambayo ningenunua mjini. Asiyepangia bajeti jambo hili amesafiri kwa gharama ya watu wengine.

Nimetaja shirika, na hapo kuna pingamizi ambalo halipuuziki. Wapo wasemao, na si wajinga, kwamba maigizo ya mashirika ni mahubiri yaliyovishwa vinyago: kinachotakiwa kimeandikwa ofisini, waigizaji wanakitamka, watu wanapiga makofi, ripoti inatumwa. Penina Mlama, katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya utamaduni na maendeleo, alieleza kwa upana tatizo la sanaa inayoletwa kwa watu badala ya kutoka kwao. Mradi wa Malya, mkoani Mwanza, ambao yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuendesha mwaka 1982 na 1983, ulijaribu njia nyingine: wanakijiji wenyewe walichunguza tatizo la wasichana wa shule kupata mimba, wakalicheza kwa ngoma zao wenyewe. Nakubali kwamba mahubiri yapo, na katika dakika tano za mwisho za mchezo mbaya utayasikia, mwigizaji mmoja akiacha kuigiza na kuanza kusoma. Lakini hilo linaunga mkono kupanga, halikupingi. Aliyefika siku mbili kabla anaweza kuuliza mambo mawili yatakayomwonyesha ukweli: je, waigizaji wamezunguka sokoni, au wamefika leo asubuhi na gari? Na mtazamaji akiingia na pendekezo baya, la kisasi kwa mfano, wanaliigiza mpaka matokeo yake yaonekane, au wanamrudisha nyuma kwa upole? Mchezo unaoruhusu pendekezo baya lijaribiwe ni wa watu, hata kama posho imetoka Geneva.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenda uhuru. Uzuri wa mchezo wa wazi, wanasema, ni kwamba mtu alikuwa anakwenda kununua chumvi akausikia, akasimama, akakaa mpaka mwisho. Kuupangia safari kwa saa na kivuli na barua ni kuuua. Hoja hii inapendeza, lakini inasahau kwamba mnunua chumvi anaishi pale. Anajua soko ni lini, adhana ni saa ngapi, uwanja una mpira siku gani na mwembe unatoa kivuli wapi. Anajua hata kwamba yule anayeigiza mlevi ni mwalimu wa darasa la nne. Kinachoonekana kwake kuwa bahati ni maarifa ya maisha yote ambayo hayahitaji kuandikwa. Mgeni hana hayo. Akitaka kusimama pale kwa wepesi uleule, lazima ayakusanye kwa makusudi, kwa siku chache, na hata hivyo atapata sehemu tu.

La tatu ndilo linaloniumiza kichwa. Kabambare imekimbiwa na kurudiwa mara nyingi tangu vita vya 1996. Watu wamelala msituni, zahanati zimekosa dawa, na wewe unapanga kivuli cha kutazamia maigizo? Sina jibu la kumaliza shaka hiyo, ila nina mambo mawili ya kuweka kwenye mizani. Mchezo unachezwa kwa ajili ya watu wa Kabambare, na hawangoji amani ikamilike ndipo waje. Wanakuja kwa wingi hasa kwa sababu ugomvi wa shamba hauna mahakama ya karibu. Mgeni hauongezi mchezo huo wala hauzuii. Na mpango mzuri una kifungu cha kutokwenda. Kikundi kikisema wiki hii njia si nzuri, au msimamizi akisita kidogo tu anapojibu, safari inaishia Kasongo, ambako kuna mengi: maulidi na dufu kwa msimu wake, parokia zilizoanza na Mapadri Weupe mwanzoni mwa karne ya 20, na magofu ya mji wa kale upande wa Tongoni. Asiyeweza kuahirisha hakupaswa kupanga.

Limebaki suala la kuondoka, na hapa ndipo wengi hupunguza siku ili kuokoa pesa. Mchezo ukiisha kwenye saa kumi na mbili, Waislamu wanakwenda kusali magharibi, akina mama wanakwenda kusonga bugali na kuipua sombe, na uwanja unabaki na watoto wanaoigiza upya kilichoigizwa, kwa ukatili zaidi na kwa vicheko vingi. Mjadala wenyewe huanza baada ya chakula, barazani, na mwezi mpevu huurefusha kwa saa nyingi, kwa kuwa watu hawaogopi kurudi kwao. Hapo ndipo mtu ambaye hakusema uwanjani anasema, na ndipo mgeni anagundua kwamba yule mama aliyeingia kuigiza nafasi ya mjane hakuwa anaigiza sana. Asubuhi yake, kama mchezo uligusa kesi ya kweli, kuna uwezekano wa watu wawili kwenda kwa chifu, au wa mmoja kwenda na mwingine kukataa. Kwa hiyo pikipiki ya kurudi Kasongo siiagizi Jumapili asubuhi. Naiagiza Jumatatu, saa moja, na malipo ya awali nayatoa mapema, kwa sababu mafuta ya petroli Kabambare huuzwa kwa chupa na hayapatikani kila siku.